Kimeo, Chaki na Moshi wa Kuni

Mapema mwaka huu binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Chanika, Handeni mjini. Mwanawe wa miaka minne alikuwa na kikohozi kisichokatika, koo linamwasha, usiku usingizi hauji. Majirani walimfungua kinywa, wakammulika kwa tochi ya simu, wakatoa hukumu moja: kimeo kimerefuka. Fundi wa kukikata yupo, ada yake haizidi bei ya kuku, na kazi yenyewe haifiki hata dakika. "Shangazi, nimpeleke au nisimpeleke?"

Nilimjibu asimpeleke, nikakaa naye kwenye simu mpaka salio likaisha. Niliyomweleza hayamhusu yeye peke yake. Nimezaliwa Sindeni, nimefundisha shule za msingi Handeni na baadaye Korogwe hadi nikastaafu, na miaka yote hiyo nimeona jinsi koo lilivyo ugonjwa ambao kila mtu analo jibu lake, lakini wanaouliza maswali ni wachache mno.

Nikiwa darasa la tatu, kijana mmoja jirani yetu, mwenye nguvu za kulima ekari nzima peke yake, alianza kukohoa. Masika yakapita, kiangazi kikaingia, naye bado anakohoa. Wazee wakaita fundi. Nilichungulia kwenye upenyo wa ukuta wa miti. Kijana alikalishwa kwenye kigoda, mjomba wake akamshika kichwa kwa nyuma, ulimi ukagandamizwa kwa mpini wa kijiko. Fundi alikuwa na chuma chembamba kilichopindwa nchani na kunolewa upande wa ndani. Alikiingiza kinywani, akakivuta mara moja tu. Kilichotoka aliwaonyesha watu kwenye kiganja: kinyama chekundu, hakizidi punje ya harage. Watu wakashusha pumzi. Kijana akatema damu kwenye majivu, akapewa unga wa mizizi asukutue.

Damu ilikatika jioni ile. Kikohozi kiliendelea. Mwili ukaanza kupungua, shati likamning'inia mabegani, usiku analowa jasho hadi shuka linakamuliwa. Alipofikishwa hospitali, kwa baiskeli kwanza na kisha juu ya lori la mahindi, makohozi yake yalipimwa yakaonyesha kifua kikuu. Alipata dawa na akapona, namshukuru Mungu. Lakini kati ya siku aliyokatwa kimeo na siku aliyopimwa makohozi, nyumba nzima ilikuwa imetulia ikiamini ugonjwa umeshaondolewa, na wadogo zake wakawa wanalala naye chumba kimoja, madirisha yamefungwa.

Hapo ndipo ninapoona ubaya mkubwa wa kisu kile, kuliko hata damu. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na kina kazi: tunapomeza hunyanyuka pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya pua, hulainisha koo kwa mate yake, na husaidia matamshi. Koo likivimba, nacho huvimba na kushuka. Aliyemulikwa kwa tochi akaonekana kimeo kirefu ni mtu mwenye koo lililovimba, na kukikata hakugusi kilicholivimbisha. Ukataji huu haupo kwetu Tanga peke yake. Upo Dar es Salaam na sehemu nyingine za nchi, upo Kenya, upo Ethiopia, hadi Niger na Nigeria. Madaktari wa nchi hizo wote wanapokea watu wale wale: waliovuja damu nyingi, waliopata pepopunda, waliooza koo, waliokatwa kupita kiasi hadi maji yanatokea puani. Na chuma kimoja kikipita vinywa vingi bila kuchemshwa hubeba homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Leo mwongozo wa hospitali uko wazi, mtu akikohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure.

Nilianza kufundisha Handeni miaka ambayo barabara ya kwenda Korogwe ilikuwa ya udongo mwekundu. Lori likipita, vumbi linaingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo na kutua kwenye madaftari. Nilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, ubao mweusi uliofutwa kwa gunia, na chaki zile za bei rahisi zinazovunjika na kumwaga unga. Mwalimu wa darasa la namna hiyo hazungumzi, anapaza sauti, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua la mchana. Maji ya kunywa yalikuwa ya kuhesabia. Handeni ni kukame, na bomba kubwa linaloleta maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe lilikuwa likikaa kimya kwa majuma. Nani angekunywa glasi ya maji mbele ya watoto waliotembea tangu alfajiri bila kuyaonja?

Koo langu lilianza hapo. Halikuanza kwa kishindo. Asubuhi naamka na muwasho, nakohoa kikohozi kikavu, najisafisha koo mara mbili tatu kabla ya kutoa salamu. Kila nikimeza mate nahisi kitu kimekwama, nacho hakishuki wala hakipandi. Jumatatu sauti ni yangu, Alhamisi imekauka, Ijumaa nafundisha kwa kuandika ubaoni. Homa sina. Tezi za shingo hazijavimba. Chakula kinapita, na ajabu ni kwamba nikila ndipo napata nafuu kidogo. Walimu wenzangu watatu walikuwa na hali hiyo hiyo, na sote tukaiita mafindofindo, ingawa mafindofindo ya kweli huvimbisha zile tezi mbili pembeni mwa koo, huleta homa na mtu hushindwa kumeza.

Duka la dawa lilikuwa karibu na stendi. Pale ukisema "koo" tu, mkono wa muuzaji tayari uko kwenye kopo la vidonge vya rangi mbili. Vinauzwa kwa kuhesabiwa, vinafungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto, vinne leo, vinne mwisho wa mwezi mshahara ukitoka. Nilivimeza, wenzangu walivimeza. Ukivimeza wiki ambayo sauti ingerudi yenyewe kwa kuwa shule zimefungwa, unaapa kwamba vimekuponya. Nchi yetu ilitambua tatizo hilo la maduka. Mwaka 2003 ulianzishwa Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu, unaowapa wauzaji mafunzo na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, na baadaye ukasambaa nchini. Umesaidia sana. Hata hivyo mteja anayetaka vidonge vinne bado yupo, na anayemhesabia vinne bado yupo.

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, vile vile vya mafua, na dawa za kuua bakteria hazivigusi. Koo linalosumbua miezi hadi miaka, mara nyingi halina hata kijidudu cha kulaumiwa. Linachubuliwa kila siku na kitu: moshi, vumbi, sigara, makamasi yanayoteremka kutoka puani kwa mtu mwenye mzio, tindikali inayopanda kutoka tumboni, sauti inayolazimishwa. Vidonge vya rangi mbili juu ya koo la namna hiyo havina cha kuua, isipokuwa bakteria wema wa tumboni, na wale wabaya wanaobaki wanajifunza kuvizoea.

Nilihamishiwa Korogwe, nikapanga nyumba Manundu. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mzee aliyefanya kazi mashamba ya mkonge tangu ujana. Mkonge ulifika nchi hii mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na bonde lote kuanzia Mombo hadi Hale likaishi kwa zao hilo. Yule mzee alinieleza kazi kwa mpangilio: majani yanaingia korona, yanapondwa na kusuguliwa kwa maji, nyuzi zinaanikwa kwenye waya juani, kisha zinapelekwa kwenye mashine ya brashi. Alipokaa yeye ni kwenye brashi. Unashika fungu la nyuzi kavu, unaliingiza mashineni, linarudi limelainika, na hewa yote inajaa vumbi la manjano hafifu linalokaa kwenye nyusi na kwenye chai. Kinga yao ilikuwa kitambaa cha kanga kilichofungwa usoni, kinaloa mate kabla ya saa nne na wengi wanakivua.

Mzee alikuwa anakohoa kila alfajiri, nami najisafisha koo upande wangu wa ukuta. Siku moja alisema neno ambalo sijalisahau: akienda likizo kwao Lushoto, koo hupona bila dawa, akirudi kazini halimalizi siku mbili. Alikuwa ameshafanya uchunguzi ambao hakuna aliyekuwa amemfanyia. Nikaanza kujiangalia na mimi. Likizo ya Desemba sauti yangu ilikuwa inarudi, ila muwasho wa asubuhi na kile kitu kilichokwama vinabaki. Maana yake mambo yalikuwa mawili, na chaki ilikuwa moja tu kati yake.

Aliyelifumbua la pili ni tabibu kijana, mwembamba, aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni na bado akanipa muda. Alinimulika koo, akasema ni jekundu kwa nyuma na lina vichunjua vidogo vidogo, kisha akaweka tochi mezani na kuanza kuuliza. Kazi gani? Unapikia nini? Unakula chakula cha usiku saa ngapi? Unalala baada ya muda gani? Nikamjibu kwamba nasahihisha madaftari hadi saa nne usiku, ndipo nakula ugali na maharage yenye pilipili, nashushia na chungwa au juisi ya ukwaju, na kwa uchovu nalala papo hapo. Kiungulia? Mara chache. Uchachu mdomoni asubuhi? Kila siku.

Akanieleza kwamba tindikali ya tumbo huweza kupanda usiku hadi kooni bila kuunguza kifua, kwa hiyo mtu hadhani kabisa kwamba tumbo linahusika. Anachohisi ni muwasho, sauti ya asubuhi iliyokwaruza na kitu kilichokwama. Aliniandikia dawa ya kupunguza tindikali kwa muda. Yaliyobaki yalikuwa ya kufanya nyumbani: kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, kuacha pilipili na vitu vichachu usiku, na kuinua kitanda upande wa kichwa. Fundi mwashi wa mtaani kwetu alinipa matofali mawili ya kuchoma, nikayaweka chini ya miguu miwili ya kitanda. Mto haufai kwa kazi hiyo, unakunja tumbo tu. Kwa upande wa darasani aliniambia ninywe maji kidogo kidogo, nisinong'one sauti inapokauka kwa sababu kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha nyuzi za sauti, na nitafute njia nyingine ya kunyamazisha watoto. Nikaanza kupiga makofi kwa mdundo, nao wakawa wanaujibu. Darasa linatulia bila mimi kufungua kinywa.

Haikuwa wiki moja. Ilikuwa miezi, na kuna siku nilikata tamaa. Lakini kile kitu kilichokwama kiliondoka, na sauti ikaanza kufika Ijumaa.

Ningeishia hapo, msomaji angeweza kudhani nasema koo likiuma usihangaike, badilisha saa ya kula. Sivyo kabisa, na aliyenifundisha hivyo ni mwanafunzi wangu wa darasa la nne, mvulana mcheza mpira. Alikaa nyumbani siku tatu kwa homa kali na koo, hawezi kumeza hata uji. Hakuwa na mafua wala kikohozi. Nyumbani walimpa maji ya chumvi na panado, akapata nafuu, akarudi shule. Kama wiki tatu baadaye goti lake la kulia likavimba. Lilipopoa likavimba la kushoto, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Maumivu yalikuwa yanahama. Wapo waliosema anarefuka, wapo waliosema ametupiwa jambo, na kwetu Handeni na Korogwe waganga hawako mbali. Maumivu yakaisha yenyewe na kila mmoja akajiona alisema kweli. Mwaka uliofuata hakuweza kupanda ngazi za darasani bila kusimama katikati.

Ilikuwa homa ya baridi yabisi ya moyo. Kuna bakteria anayeitwa streptokoka, wa kundi A, anayeshambulia koo, hasa la mtoto wa miaka 5 hadi 15. Koo hupona. Ila mwili, katika kupambana naye, kwa baadhi ya watoto hugeuka kushambulia viungo na vali za moyo wenyewe, wiki mbili hadi nne baada ya koo kutulia. Viungo hupona bila kovu, vali hubaki na makovu. Mtoto anayeugua koo tena na tena bila tiba huharibika moyo zaidi kila mara. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, kwa kuwa nchi tajiri karibu zimeusahau na sisi bado tunazika watoto kwa ajili yake.

Na kinachoniuma ni urahisi wa kinga. Streptokoka wa kundi A hadi leo hajaweza kuishinda penisilini, dawa ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928. Sindano moja ya penisilini ya kukaa muda mrefu, au vidonge vyake vikimezwa siku zote 10 bila kukatisha, vinatosha kumlinda mtoto. Vidonge vinne vya kufungwa kwenye karatasi havitoshi. Kwa hiyo mzazi na mwalimu watazame dalili: koo lililoanza ghafla, homa, tezi za shingo zilizovimba na kuuma, mabaka meupe ya usaha juu ya mafindo, na hakuna mafua wala kikohozi. Huyo ni wa kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Mwenye kamasi, kikohozi na macho mekundu mara nyingi ni virusi, na hahitaji sindano.

Mvulana yule alipelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambayo ilianza kazi mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa vali walisubiri kibali cha kwenda India. Sasa yupo sekondari, na kila baada ya wiki nne anachomwa sindano ile ile ya penisilini ili koo lisipate nafasi nyingine ya kumfikia moyoni. Ataendelea nayo miaka mingi.

Nirudi kwa mtoto wa Chanika. Mama yake alimpeleka kliniki, na maswali waliyoulizwa yalikuwa ya aina ile ya tabibu wangu. Kikohozi kinazidi saa ngapi? Usiku. Mtoto analala wapi? Chumba kinachopakana na jiko, na jiko ni la mafiga, kuni mbichi wakati wa mvua na mkaa wakati mwingine. Baba yake anauza mkaa, kwa hiyo magunia yamepangwa ukumbini hadi dari. Kifua kilisikilizwa, kikapatikana kina filimbi: pumu. Koo lilikuwa linawashwa na moshi na kukohoa kwenyewe. Amepewa dawa ya kuvuta kwa pampu, magunia yamehamishiwa kibandani, na mlango wa jikoni sasa unafungwa. Analala.

Mimi nimekulia jiko la namna hiyo. Mama yangu alikohoa maisha yake yote ya utu uzima, na sote tulichukulia kuwa ni tabia yake. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, ila nawaomba wanaoutekeleza wafike Sindeni na Misima na mitungi ya gesi inayojazwa kwa kiasi kidogo kidogo, kwa sababu mama wa huko hununua kuni za leo kwa hela ya leo. Hadi mtungi ufike, dirisha la pili jikoni, kuni zilizokauka na mtoto kutobebwa mgongoni wakati wa kupika ni mambo yanayowezekana kesho asubuhi.

Kuna dalili nyingine ambazo nawaambia hasa wazee wenzangu, kwa sababu tunazoea kukohoa na kunyamaza. Sauti iliyokauka wiki tatu bila kurudi, hasa kwa mvutaji wa sigara. Kumeza kunakozidi kuwa kugumu, kwanza ugali, kisha uji. Maumivu ya upande mmoja yanayochoma hadi sikioni. Uvimbe wa shingo usiouma. Damu kwenye mate. Kukonda. Utando mweupe unaorudi kinywani na kooni kwa mtu mzima, ambao unadai kipimo cha virusi vya Ukimwi. Haya yanahitaji daktari wa masikio, pua na koo, na mtu asikubali kuondoka na vidonge tu bila koo kutazamwa ndani.

Shule moja ya hapa Manundu imeniomba nizungumze na wazazi kwenye kikao cha muhula. Walimu wanataka niseme juu ya sauti zao na ndoo za maji ya kunywa madarasani, na nitasema, maana ni haki yao. Lakini nitaanza na mtoto mwenye homa na mabaka meupe kooni, kwa sababu yeye hana wiki tatu za kusubiri.